Amplifaya ipi iendeshe spika za elektrostatiki?

Swali nililoletewa, kwa ufupi, ni hili. Msomaji amenunua jozi ya spika za elektrostatiki zilizokwisha kutumika, za aina ambayo paneli hupiga masafa yote bila kusaidiwa na woofa, yaani spika ya besi. Kitabu chake cha maelezo kinasema impidansi (upinzani wa spika dhidi ya umeme unaobadilika-badilika) ni omu 6 kwa wastani na omu 0.8 kwenye kilohezi 20, usikivu ni desibeli 86 kwa volti 2.83 katika umbali wa mita moja, na kwamba spika zisipewe zaidi ya volti 40 za kilele. Risiva yake ya sinema ya nyumbani, iliyoandikwa wati 100 kwa kila chaneli, hujizima kila matoazi yanapolia kwa nguvu. Rafiki mmoja amemshauri anunue amplifaya ya wati 300, na mwingine amemwambia kwamba spika za namna hii hazipatani na transista, kwa hiyo atafute amplifaya ya valvu, yaani ile ya kizamani ya mirija ya kioo. Anauliza amsikilize nani.

Ndugu mwulizaji, wote wawili wamegusa jambo la kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyegusa lile linalokusumbua. Unachohitaji ni amplifaya ya transista ya wati 80 hadi 100 kwenye omu 8, yenye uwezo uliothibitishwa wa kuendesha omu 2, isiyoyumba inapofungiwa mzigo wa kapasita, na yenye impidansi ndogo ya kutokea (ukinzani wa ndani wa amplifaya yenyewe) hadi mwisho wa masafa tunayosikia. Kati ya sifa hizo, wati ndizo rahisi kupata kuliko zote, na ndizo watu wanazozitazama kwanza. Naomba nikueleze sababu, kwa kuwa ukishaielewa utaweza kuipima amplifaya yoyote utakayowekewa mbele yako.

Spika ya kawaida ina koili inayosukuma koni, na kwa amplifaya koili hiyo ni mzigo unaofanana kwa kiasi kikubwa na ukinzani. Spika yako haina koili ya namna hiyo. Ina utando mwembamba mno wa plastiki, wa unene wa mikroni chache, uliochajiwa kwa volti elfu kadhaa na kuwekwa katikati ya mabati mawili yenye matundu. Ishara ya muziki hupelekwa kwenye mabati hayo, nao utando huvutwa huku na kusukumwa kule. Mabati mawili yaliyotenganishwa na hewa ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Kwa kuwa mabati hayo yanahitaji volti nyingi kuliko amplifaya inavyoweza kutoa, ndani ya spika kuna transfoma ya kupandisha volti, na transfoma hiyo ndiyo chanzo cha ugumu wote. Inapopandisha volti mara 100, huifanya kapasita ya paneli ionekane na amplifaya kuwa kubwa mara 100 kwa 100, yaani mara 10,000.

Tuchukue paneli yenye nanofaradi 1, ambayo ni kapasita ndogo kabisa. Ikipita kwenye transfoma ya uwiano wa 1 kwa 100, amplifaya huona mikrofaradi 10. Impidansi ya kapasita hupungua kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo mikrofaradi 10 ni kama omu 16 kwenye kilohezi 1, omu 8 kwenye kilohezi 2, omu 1.6 kwenye kilohezi 10, na omu 0.8 kwenye kilohezi 20. Hiyo omu 0.8 ndiyo namba iliyomo katika kitabu chako, kwa hiyo nitaendelea kuutumia mfano huu kama makadirio ya spika zako. Ile omu 6 ya wastani haikuelezi mengi, maana kuna sehemu moja tu ya masafa ambapo spika yako ni omu 6. Chini ya hapo ni mzigo mwepesi, na juu ya hapo ni mzigo ambao amplifaya nyingi hazikusanifiwa kuubeba.

Turudi kwenye wati. Kapasita isiyo na upotevu haili wati. Hupokea nishati na kuirudisha. Nguvu inayoliwa na spika yako ni ile inayopotea katika waya za transfoma na viunganishi vyake, pamoja na sehemu ndogo inayogeuka sauti. Kinachousukuma utando ni volti, kwa hiyo swali la kwanza ni volti ngapi zinahitajika na volti ngapi zinaruhusiwa. Kitabu chako kimeweka kikomo cha volti 40 za kilele, ambazo ni takriban volti 28.3 za wastani wa ufanisi (RMS). Volti 28.3 kwenye ukinzani wa omu 8 ni wati 100 kamili. Kutoka volti 2.83 hadi volti 28.3 ni desibeli 20, kwa hiyo kwenye kikomo chake kila spika yako ingetoa desibeli 106 kwa mita moja, na mbili zikilia pamoja chumbani hiyo ni sauti kubwa kuliko watu wengi wanavyoweza kuvumilia kwa muda mrefu.

Amplifaya ya wati 300 kwenye omu 8 inaweza kutoa karibu volti 69 za kilele. Ziada hiyo yote iko juu ya kikomo, haina kazi ya kufanya, na inaweza kuua spika. Volti zikizidi, cheche huruka kati ya bati na utando, hutoboa plastiki na kuchoma mipako yake, na paneli iliyochomwa hivyo mara nyingi hubidi ibadilishwe. Quad ESL, spika ya elektrostatiki ya kampuni ya Quad iliyoingia sokoni mwaka 1957, ilijulikana kwa udhaifu huu, hasa paneli zake za sauti nyembamba. Warithi wake, ESL-63 wa mwaka 1981, waliwekewa saketi ya ulinzi ambayo huufunga mlango wa kuingilia kwa kuushoti iwapo volti zitapita kiasi. Ulinzi wa aina hiyo huiokoa spika na kuuhamishia mzigo upande wa pili, kwani amplifaya kubwa inayoshotiwa ghafla ikiwa katika kilele cha nguvu inaweza kuungua. Kwa hiyo ushauri wa wati 300 ungefaa spika mseto, zenye paneli juu na woofa ya koni chini, ambazo mara nyingi huvumilia volti nyingi zaidi. Kwa paneli za masafa yote kama zako, haufai.

Sasa risiva yako. Ile wati 100 iliyoandikwa kwenye risiva za sinema ya nyumbani mara nyingi hupimwa kwa chaneli moja au mbili, kwenye omu 6 au 8, na mara nyingine kwa masafa ya kilohezi 1 pekee. Hapo spika yako ni mzigo mwepesi, na risiva haioni taabu. Matoazi yanapopigwa, nishati huhamia kilohezi 5 hadi 15, mahali ambapo spika yako ni kati ya omu 3 na omu 1. Ikiwa wakati huo risiva inatoa volti 8 kwenye kilohezi 10, italazimika kupitisha ampea 5, na kilele chake ni ampea 7. Isitoshe, kwenye mzigo wa kapasita mkondo hutangulia volti kwa karibu robo ya mzunguko. Maana yake ni kwamba transista hupitisha mkondo mkubwa hasa wakati ambapo volti zilizobaki juu yake ni nyingi. Kwa ukinzani, mkondo unapokuwa mkubwa, volti nyingi zimekwenda kwenye spika na transista imebakiwa na kidogo. Kwa kapasita, transista hubeba vyote viwili kwa pamoja. Joto lote ambalo spika haikulila hubaki ndani ya amplifaya. Saketi ya ulinzi ya risiva hupima mkondo na volti juu ya transista, ikaona hali inayofanana na waya zilizoshotiwa, ikakata. Haikukosea. Ilifanya kazi iliyowekewa, na inafaa uache kuipandisha sauti hadi upate amplifaya nyingine, kwa sababu si kila ulinzi huwahi.

Hata hivyo nisikutie hofu isiyostahili. Ukipiga hesabu ya volti 28.3 kwenye omu 0.8 utapata ampea 35, na wauzaji wa amplifaya za uzito wa kilo 50 huipenda sana hesabu hiyo. Muziki hauko hivyo. Nishati ya muziki wa kawaida hushuka kadiri masafa yanavyopanda, na kwenye kilohezi 20 huwa imebaki kidogo sana. Ikiwa iko desibeli 20 chini ya kilele, zinahitajika volti 2.83 na ampea 3.5 tu, kiasi ambacho amplifaya nyingi nzuri za ukubwa wa kati hukitoa bila wasiwasi. Ndiyo maana Peter Walker, mwanzilishi wa Quad, aliweza kuziuza spika zake za mwaka 1957 ziendeshwe na amplifaya ya kampuni hiyo hiyo, Quad II ya valvu, yenye wati 15. Wati hizo 15 zilitosha kwa vyumba na matarajio ya wakati ule, na wapo wanaoridhika nazo hadi leo.

Hapo ndipo rafiki yako wa pili anapopata hoja. Amplifaya ya valvu haiogopi mkondo uliotangulia volti kama transista inavyouogopa, na ikizidiwa hulegea taratibu badala ya kukata. Lakini ina tatizo jingine, nalo ni impidansi ya kutokea. Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani, ambao ukikutana na kapasita ya spika huwa kichujio kinachokata sauti nyembamba. Amplifaya ya valvu isiyo na mrejesho (sehemu ya ishara ya kutokea inayorudishwa mwanzoni ili kusahihisha makosa) inaweza kuwa na omu 2 za kutokea. Kwa mikrofaradi 10 za mfano wetu, kichujio hicho huanzia kilohezi 8, ambako sauti imeshapungua desibeli 3, na kufikia kilohezi 16 imepungua desibeli 7. Utasikia sauti laini, yenye joto, na wengine wataisifu. Lakini mng’aro wa matoazi na pumzi ya mwimbaji, ambavyo ndivyo watu wanavyozinunulia spika za elektrostatiki, vitakuwa vimefunikwa. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu naliona mara kwa mara: mtu anazigharamia spika kwa ajili ya uwazi wake, kisha anazifungia amplifaya inayouondoa uwazi huo, akidhani ndiyo tabia ya spika.

Amplifaya ya valvu yenye mrejesho wa kutosha na transfoma nzuri ya kutokea ni habari nyingine. Ikiwa na omu 0.5, upungufu kwenye kilohezi 20 ni karibu desibeli 1.4, ambao ni vigumu kuutambua. Ukiamua kufuata njia hiyo, tumia tundu la omu 4 au la omu 2 kama lipo, hata kama kitabu cha spika kinasema omu 6 au 8. Kutoka tundu la omu 8 kwenda la omu 4 kunapunguza impidansi ya kutokea kwa nusu. Utapoteza volti kiasi, na kwa spika zako hasara hiyo ni ndogo kuliko faida. Jaribu matundu yote kabla ya kuamua. Ni kazi ya kuhamisha waya tu, na tofauti husikika mara moja.

Kuna njia ya tatu ambayo haiko katika maswali yako lakini inastahili kutajwa. Kampuni ya Acoustat iliwahi kutengeneza spika za elektrostatiki zenye amplifaya ya valvu ya volti nyingi ndani yake, iliyoendesha mabati moja kwa moja bila transfoma ya kupandisha. Kiufundi huo ndio ufumbuzi safi kuliko yote, kwa kuwa unaondoa kile kizidisho cha mara 10,000. Ila ni mitambo yenye volti za kuua mtu, na wanaoweza kuitengeneza ni wachache.

Tukirudi kwenye transista, sifa unayopaswa kuichunguza kuliko nyingine ni utulivu. Amplifaya yenye mrejesho inapofungiwa kapasita inaweza kuanza kujitetemesha yenyewe kwa masafa ya juu ambayo sikio halisikii. Dalili zake ni mapezi ya kupozea kupata joto hata muziki ukiwa chini, sauti nyembamba kuwa na ukali wa kuchosha, au fyuzi kukatika bila sababu inayoonekana. Wasanifu wengi hujikinga kwa kuweka koili ndogo ya mikrohenri moja au chache kwenye njia ya kutokea, sambamba na kipinga cha omu chache. Wachache hawaiweki, kwa imani kwamba huharibu sauti, na hutegemea waya mrefu wa spika uifanye kazi yake. Amplifaya kama hizo usizifungie spika zako, hata zikisifiwa kiasi gani. Mahali pa kutazama ni vipimo vilivyochapishwa vya wimbi mraba la kilohezi 10 kwenye mzigo wa omu 8 sambamba na kapasita ya mikrofaradi 2: mawimbi machache yanayozimika haraka kwenye pembe si tatizo, lakini mlolongo mrefu usiokwisha ni onyo.

Katika karatasi ya vipimo, tafuta pia wati kwenye omu 8, 4 na 2. Amplifaya ya wati 80 kwenye omu 8 inayofikia wati 150 kwenye omu 4 na 250 au zaidi kwenye omu 2 ina transfoma ya umeme na transista zinazoweza kuhimili. Ile ambayo namba ya omu 2 haipo, au ina onyo la kutofunga spika chini ya omu 4, iache. Halafu tazama kigezo cha udhibiti, ambacho ni omu 8 kugawanywa kwa impidansi ya kutokea. Namba kubwa iliyopimwa kwenye kilohezi 1 haikusaidii, kwa sababu katika amplifaya nyingi mrejesho hupungua masafa yanapopanda, na impidansi hupanda pamoja nayo. Unataka namba ya kilohezi 20. Ikiwa hapo ni 40 au zaidi, yaani omu 0.2 au chini, inatosha kabisa.

Amplifaya za daraja D, ambazo transista zake huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, zinahitaji uangalifu wa pekee. Karibu zote zina kichujio cha koili na kapasita mwishoni, na katika miundo ya zamani mrejesho ulichukuliwa kabla ya kichujio hicho, kwa hiyo mzigo uliweza kukibadilisha, na spika ya kapasita hukibadilisha zaidi ya nyingine yoyote. Miundo mipya kama Ncore ya kampuni ya Hypex na ile ya kampuni ya Purifi huchukua mrejesho baada ya kichujio, na impidansi yake ya kutokea hubaki ndogo hadi mwisho wa masafa. Kwa hizo sina pingamizi, mradi moduli iwe na uwezo wa mkondo wa kutosha.

Usiunganishe chaneli mbili za amplifaya ziendeshe spika moja kwa pamoja (bridge) ili kupata nguvu zaidi. Kila chaneli huona nusu ya impidansi, yaani omu 0.4 pale juu, na volti huongezeka karibu mara mbili kupita kikomo cha spika zako.

Waya wa spika nao una sehemu yake, ingawa si ile inayotangazwa. Kinachohusika ni induktansi, yaani tabia ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo. Waya wa kawaida una takriban mikrohenri 0.6 kwa mita. Mita 5 ni mikrohenri 3, ambazo pamoja na mikrofaradi 10 huvuma kwenye kilohezi 29 hivi, karibu sana na masikio yetu, na zinaweza kuinua kilohezi 20 kwa desibeli kadhaa. Mita 1 huupeleka mvumo huo hadi kilohezi 65. Kwa hiyo iweke amplifaya karibu na spika na urefushe waya wa ishara badala ya waya wa spika.

Kabla ya kufunga chochote, pima umeme wa moja kwa moja unaovuja kwenye matundu ya amplifaya. Iwashe bila spika na bila muziki, iache nusu saa ipate joto, kisha weka multimita kwenye milivolti za DC na uguse tundu jekundu na jeusi la kila chaneli. Chini ya milivolti 20 ni salama. Ikizidi milivolti 50, ipeleke kwa fundi kwanza. Upande wa kuingilia wa transfoma ya spika yako unaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.4 tu kwa DC, kwa hiyo milivolti 50 zinapitisha miliampea 125 muda wote, na chuma cha transfoma hushiba sumaku upande mmoja. Besi huanza kukwaruza mapema, na impidansi ya chini, uliyodhani ni nyepesi, huporomoka. Kwa sababu hiyo hiyo, ukipiga sahani za santuri tumia kichujio cha kukata masafa ya chini ya hezi 20, kwani mawimbi ya sahani iliyopinda hufika kwenye transfoma hata kama huyasikii.

Ukipata amplifaya inayokidhi haya, omba uijaribu na spika zako mwenyewe, si za muuzaji. Chagua rekodi yenye matoazi mengi na nyingine ya sauti ya mwanamke bila ala nyingi, uzipige kwa kiwango unachokipenda kwa saa moja. Kisha weka kiganja juu ya mapezi ya kupozea. Yakiwa na joto unaloweza kulivumilia, ulinzi haujakata, na matoazi hayajabadilika tangu dakika ya kwanza, inunue, hata kama ni ya wati 80.